Mshahara na moyo wa mwanamke wa makamo

Wapime wanawake wa kati ya miaka 45 na 64 kwa kipimo chochote cha kawaida, na jibu litakuwa karibu lile lile: walio katika ajira wana afya nzuri kuliko wasio nayo. Wana dalili chache za sonona, wakiulizwa husema ni wazima, na kwa wastani wanaishi zaidi. Kisha wasikilize wanawake hao hao wakizungumza wao kwa wao. Utasikia habari za mgongo, presha, usingizi unaokatika saa tisa usiku, na kazi inayowamaliza. Takwimu zinasema ajira ni dawa, wenye miili wanasema ni sumu, na vyombo vya habari hubadili upande kulingana na utafiti uliotoka wiki hiyo.

Ninavyoona mimi, wote wawili wanasema kweli. Kinachowakosanisha ni swali lenyewe. Kuuliza kama ajira inafaa au haifai kwa mwanamke wa umri huu ni kufunga pamoja mambo ambayo kila moja lina njia yake: nani hubaki kazini na nani hutoka, kazi yenyewe ni ya namna gani, nyumbani kuna nini, na mwili umefika hatua gani. Ukiyafungua, picha inakuwa tofauti na ile ya mwanamke aliyezidiwa na majukumu mengi.

Tuanze na jambo la hesabu tu. Utafiti unapowagawa wanawake katika makundi mawili, wenye ajira na wasio na ajira, kundi la pili si la watu waliopumzika. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwaka 2018 kwamba mwanamke hutumia kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za nyumbani na za kuhudumia watu, bila malipo. Mwanamume hutumia saa 1 na dakika 23. Shirika hilo lilihesabu wanawake milioni 606 wa umri wa kufanya kazi waliokuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu hayo. Wanaume walikuwa milioni 41. Kwa hiyo ulinganisho halisi ni kati ya mwanamke mwenye kazi mbili, moja ikiwa ya mshahara, na mwanamke mwenye kazi moja isiyo na mshahara, isiyo na likizo ya ugonjwa wala saa ya kutoka. Ukitazama hivyo, matokeo ya vipimo hayashangazi sana.

Umri wa makamo nao una uzani wake. Watoto wamekua lakini bado wanategemea. Wazazi na wakwe wanaanza kuhitaji mtu wa kuwapeleka hospitali, kuwaogesha na kukumbuka dawa zao. Wajukuu wanaletwa. Wakati mwingine mgonjwa ni mwenzi mwenyewe. Na haya huja katika miaka ile ile ambayo mwanamke amefika juu kabisa katika kazi yake, au amefika mahali ambapo anajua hatapandishwa tena.

Nani hubaki kazini

Mwaka 1885 William Ogle, daktari aliyesimamia takwimu za vifo nchini Uingereza, alionya kwamba vifo vya wafanyakazi wa kazi mbalimbali haviwezi kulinganishwa hivi hivi. Kazi za nguvu, alieleza, huwakataa wadhaifu tangu mlangoni, na anayeanza kuugua huzikimbia akatafute kazi nyepesi. Matokeo yake kazi ngumu inaweza kuonekana salama, kwa sababu wale iliowaumiza hawahesabiwi tena ndani yake. Watafiti wa leo huita jambo hili athari ya mfanyakazi mwenye afya, na yeyote anayesoma habari za ajira na afya bila kulikumbuka atadanganyika.

Kwa mwanamke wa makamo chujio hili hufanya kazi kwa ukali. Huu ndio umri wa uvimbe wa kizazi na hedhi nzito isiyotabirika, wa magoti na vidole kuanza kuuma, wa kisukari na presha kugunduliwa kwa mara ya kwanza. Anayesimama kutwa mbele ya mashine au kaunta, magoti yakimshinda, hutoka. Katika hesabu inayofuata yeye yupo upande wa wasio na ajira, na ni mgonjwa. Mwenzake aliyebaki anaonekana mzima kwa sababu ya kazi, kumbe yuko kazini kwa sababu ni mzima.

Lipo chujio la pili ambalo tafiti za awali, zilizofanywa zaidi juu ya wanaume, hazikuligusa: kutoka kazini kwa sababu ya ugonjwa wa mtu mwingine. Mama akipata kiharusi, mara nyingi ni binti, au mke wa mtoto wa kiume, anayepunguza saa zake au kuacha kazi kabisa. Afya yake inaposhuka miaka miwili baadaye, je, ni ukosefu wa ajira uliomshusha, au ni kumwinua mgonjwa kitandani kila usiku? Dodoso la kawaida halina namna ya kujua.

Njia mojawapo ya kutoka hapo ni kuwafuata watu wale wale kwa miaka mingi tangu wakiwa wazima. Wanasosholojia wawili wa Marekani, Adrianne Frech na Sarah Damaske, walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa akina mama 2,540 ambao maisha yao yalikuwa yakifuatiliwa tangu ujana. Waliwaangalia walipofika miaka 40. Walioendelea na ajira ya kutwa kwa utulivu baada ya kuzaa walikuwa na afya ya mwili na ya akili iliyo bora kuliko waliokaa nyumbani na waliofanya kazi za saa chache. Walioharibikiwa zaidi ni wale ambao ajira yao ilikuwa ya kukatika: leo wana kazi, kesho hawana, bila wao kupenda. Tofauti hizo zilibaki hata baada ya kuzingatia hali ya afya waliyokuwa nayo kabla.

Kwa hiyo chujio la Ogle lipo, lakini halimalizi habari yote. Kuna kitu ndani ya ajira yenyewe kinachousaidia mwili, na kuna kitu katika kuyumba kwa ajira kinachoudhuru. Nasisitiza hilo la kuyumba kwa sababu mijadala mingi hukaa kwenye swali la kufanya kazi au kutofanya, ilhali kundi lililoumia zaidi halikuwa katika upande wowote wa swali hilo.

Kile mshahara unachokuja nacho

Fedha ni ya kwanza, na si haki kuipita haraka kwa kuwa inajulikana. Fedha ya mwanamke mwenyewe, iliyo mikononi mwake, ina athari tofauti na fedha ya nyumba kwa jumla. Nayo anaweza kwenda kupima damu bila kuomba ruhusa, kulipia dawa ya presha mwezi mzima badala ya wiki mbili, na kuondoka katika nyumba anamopigwa. Michango ya pensheni inayokatwa akiwa na miaka 50 ndiyo itakayoamua anavyoishi akiwa na 75, na wanawake wengi huishi miaka hiyo bila mwenzi.

Lakini kuna zaidi ya fedha, na ushahidi wake wa zamani unatoka Marienthal, kijiji cha Austria kisicho mbali na Vienna. Kiwanda cha nguo kilichokiajiri karibu kijiji kizima kilifungwa mwanzoni mwa mdororo mkuu wa uchumi, na kundi la watafiti, miongoni mwao Marie Jahoda, likaenda kuangalia maisha bila kazi yanakuwaje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1933. Wanaume walipotewa na muda. Walisimama barabarani, wakatembea polepole, wakashindwa kueleza asubuhi yao ilipita vipi. Wanawake siku yao ilikuwa bado imejaa: kupika, kufua, kushona kilichochanika, sasa kwa fedha kidogo zaidi. Mtu angetegemea wafurahi kwamba zamu ya kiwandani imeondoka. Wengi waliwaambia watafiti kwamba wanatamani kurudi, na si kwa ajili ya malipo peke yake. Waliwakosa watu.

Jahoda baadaye alieleza kwamba ajira, hata isiyopendeza, huipangilia siku, humkutanisha mtu na watu nje ya familia yake, humpa shabaha iliyo kubwa kuliko yeye, humpa nafasi anayotambulika nayo, na humlazimisha kujishughulisha. Ukiisoma orodha hiyo ukimfikiria mwanamke ambaye watoto wake wanaondoka nyumbani mmoja mmoja, utaona kwa nini miaka hii inaigeuza ajira kuwa jambo la afya kuliko ilivyokuwa akiwa na 28.

Faida inaonekana hadi kwenye ubongo. Uchambuzi ulioongozwa na Elizabeth Rose Mayeda, uliotoka mwaka 2020 na kuhusisha wanawake 6,189 wa Marekani, uliangalia jinsi kumbukumbu ilivyopungua uzeeni. Baada ya miaka 60, kumbukumbu ilishuka polepole zaidi kwa waliowahi kuwa katika kazi ya malipo ujanani na katika umri wa makamo, wawe na watoto au wasiwe nao, wameolewa au la. Waliosimama kwa miaka kadhaa kulea kisha wakarudi kazini nao walikuwa upande huo wenye nafuu.

Makarani wa Framingham

Wanasosholojia walibishana kwa muda mrefu kuhusu wingi wa majukumu. William Goode aliandika mwaka 1960 kwamba nguvu za mtu zina kikomo, hivyo kila jukumu jipya huyapunja mengine. Sam Sieber akajibu mwaka 1974 kwamba majukumu mengi humlimbikizia mtu heshima, marafiki na mahali pa kukimbilia upande mmoja ukiharibika. Nadharia zote mbili zinaingia akilini, na zote mbili zina takwimu za kuziunga mkono. Kilichosaidia kutoka hapo ni utafiti wa moyo.

Framingham ni mji wa jimbo la Massachusetts, Marekani, ambao wakazi wake wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1948 ili kujua nani hupata ugonjwa wa moyo na kwa nini. Mwaka 1980 Suzanne Haynes na Manning Feinleib walichapisha uchambuzi wa wanawake wa mji huo wenye miaka 45 hadi 64, ambao miaka ya 1960 walikuwa wameulizwa maswali kuhusu kazi, ndoa na hasira, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 8. Wakati huo hofu ilikuwa kubwa kwamba mwanamke akiingia ofisini ataanza kufa kwa moyo kama mwanamume. Haikuwa hivyo. Wanawake wenye ajira, wakichukuliwa kwa pamoja, hawakuwa na ongezeko la uhakika la ugonjwa wa moyo wakilinganishwa na mama wa nyumbani.

Kisha wakaigawa ajira. Kundi moja likajitokeza peke yake: makarani, makatibu muhtasi, watunza hesabu za daftari, wauzaji. Kwao asilimia 10.6 walipata ugonjwa wa moyo, dhidi ya asilimia 5.4 ya mama wa nyumbani. Ndani ya kundi hilo, walioumia zaidi ni wenye watoto ambao waume zao walikuwa na kazi za mikono. Na walipotafuta ni kipi katika maisha ya ofisini kinachotabiri ugonjwa, walikuta mambo matatu: kumeza hasira, bosi asiyemuunga mkono, na kukaa katika kazi ile ile kwa muda mrefu bila kusogea.

Inafaa kusimama hapa, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalohusu wingi wa kazi. Mameneja na walimu wa mji huo hawakuwa na siku fupi. Karani alikuwa na siku ambayo mtu mwingine ameipanga, mtu ambaye hawezi kumjibu, katika ofisi asiyoweza kuiacha kwa sababu nyumbani mshahara wake ulihesabiwa hadi senti ya mwisho. Kilichopungua kwake ni usemi, yaani uamuzi juu ya kazi yake mwenyewe.

Mwaka uliotangulia, mtafiti Robert Karasek alikuwa ametoa nadharia inayolingana na hili: madai ya kazi huumiza pale yanapokuwa makubwa na mfanyakazi hana uamuzi juu ya namna ya kuyatimiza. Daktari wa upasuaji na mfungaji wa vifurushi kwenye mkanda wa kiwanda wote wako mbioni. Mmoja anaamua mkono wake uende wapi. Utafiti wa watumishi wa serikali wa London ulioanza mwaka 1985, unaojulikana kama Whitehall II, uliwasajili watu 10,308 wenye miaka 35 hadi 55, theluthi moja wakiwa wanawake. Ulionyesha kwamba wenye usemi mdogo kazini walipata ugonjwa wa moyo zaidi, na kwamba usemi huo ulieleza sehemu kubwa ya tofauti ya kiafya kati ya vyeo vya juu na vya chini.

Hadi hapo habari ni ya jinsia zote. Sasa sehemu ambayo naiona kuwa ndiyo kiini. Watafiti wa Whitehall II waliuliza pia kuhusu nyumbani: je, unahisi una uamuzi juu ya mambo yanayotokea katika nyumba yako? Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004 na Tarani Chandola na wenzake, ni kwamba usemi mdogo nyumbani ulitabiri ugonjwa wa moyo kwa wanawake. Kwa wanaume haukutabiri. Na mjini Stockholm, Kristina Orth-Gomér na wenzake walikuwa wamewafuata wanawake waliokwisha kulazwa kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 2000 waliripoti kwamba walioishi katika ndoa yenye msongo mkali walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kupatwa tena na matatizo ya moyo. Msongo wa kazini haukuonyesha athari kama hiyo.

Ukiyaweka haya pamoja, swali la kama mwanamke aache kazi ili apumzishe moyo linaonekana la ajabu kidogo. Anaacha wapi, na anaenda wapi? Kwa baadhi yao ofisi ndiyo mahali pekee ambapo mtu huwauliza maoni.

Saa kumi na moja jioni

Namna msongo unavyoingia mwilini inafahamika vizuri. Mtu akihisi ametishiwa au amebanwa, mwili humwaga homoni za adrenalini, noradrenalini na kotisoli. Mapigo hupanda, sukari humiminwa kwenye damu, mishipa hukaza. Hilo ni jema kwa dakika chache. Madhara huja pale mwili usipopata nafasi ya kushuka, kwa sababu presha inayokaa juu huichubua mishipa na kotisoli inayokaa juu huongeza mafuta ya tumboni na kuvuruga sukari.

Kwa hiyo muda muhimu wa kumpima mfanyakazi ni baada ya kazi. Mwanasaikolojia Marianne Frankenhaeuser wa Sweden alifanya hivyo katika miaka ya 1980 kwa wafanyakazi wa Volvo, wakiwemo mameneja wa kike na wa kiume, kwa kupima homoni katika mkojo wao mchana na jioni. Mchana hawakutofautiana sana. Saa za kazi zilipokwisha, homoni za mameneja wa kiume zilishuka. Za wanawake hazikushuka, na noradrenalini yao ikaendelea kupanda jioni ile. Mwili ulikuwa unajiandaa kwa zamu inayofuata kabla haijaanza.

Sioni uthibitisho ulio wazi zaidi kwamba saa za ajira peke yake ni kipimo kibovu kwa wanawake. Shirika la Afya Duniani na ILO walipokadiria mwaka 2021 madhara ya saa nyingi za kazi, waligundua kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40. Walioathirika wengi walikuwa wanaume. Lakini saa zilizohesabiwa ni za kazi ya kulipwa tu. Mwenye saa 40 ofisini na 25 jikoni na kando ya kitanda cha mgonjwa aliingia katika hesabu hiyo kama mtu wa saa 40, yaani katika kundi salama.

Zamu za usiku nazo zina habari yake. Wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, wenye makao Lyon, uliziweka mwaka 2007 katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani, na ukarudia uamuzi huo mwaka 2019. Mjadala mkubwa unahusu saratani ya matiti. Tafiti za wauguzi wa Marekani ziliona ongezeko kwa waliofanya zamu hizo kwa miongo mingi, ilhali uchambuzi mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2016 haukuliona. Usingizi mbovu, uzito na kisukari vina ushahidi ulio thabiti zaidi, na mwanamke wa miaka 50 anayelala mchana huku simu za nyumbani zikiita halali kama mwanamume wa zamu hiyo hiyo.

Mwili uliofika hatua hiyo

Katika nchi nyingi tajiri hedhi hukoma kwa wastani karibu na miaka 51, na misukosuko huanza miaka kadhaa kabla. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake wa asili mbalimbali tangu mwaka 1996 ulikuta kwamba kwa nusu ya wenye joto la ghafla na jasho la usiku, hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 7. Miaka 7 ni sehemu kubwa ya maisha ya kazini, na ni jambo ambalo mikataba mingi ya kazi haina hata mstari mmoja juu yake.

Dalili zenyewe hubadilika uzito kulingana na mahali. Mwenye ofisi yake hufungua dirisha, huvua koti, huahirisha kikao dakika kumi. Aliye kwenye mkanda wa kiwanda au mbele ya foleni ya wateja, ndani ya sare ya kitambaa kizito, akihitaji ruhusa ili aende chooni wakati hedhi nzito imekuja bila taarifa, anaishi dalili zile zile kama aibu. Hapa tena ni usemi, kwa umbo lake la kawaida kabisa: nani anaamua dirisha lifunguliwe.

Chini ya dalili kuna mabadiliko yasiyosikika. Estrojeni, homoni ya kike, inapopungua, kolesteroli mbaya hupanda, mishipa hukakamaa, mifupa hupoteza madini, na mafuta huhamia tumboni. Ugonjwa wa moyo, unaoua wanawake wengi kuliko saratani ya matiti, hupata mwanya katika miaka hii hii ambayo msongo wa kazi na wa wazazi wagonjwa umefika kilele. Nina shaka na mtindo wa sasa wa kulitupia ukomo wa hedhi kila kitu. Uchovu mzito, mapigo yanayokimbia na kukosa usingizi vinaweza kuwa homoni, vinaweza kuwa tezi ya shingo, upungufu wa damu, sonona au moyo wenyewe, na mwanamke anayeambiwa "ni umri tu" huondoka bila kupimwa. Kosa la upande wa pili lipo pia: mwajiri anayesikia habari za hedhi kukoma na kuamua kimoyomoyo kwamba huyu amechoka, asipandishwe.

Je, kazi mbaya ni bora kuliko kutokuwa na kazi?

Watunga sera hupenda kujibu ndiyo. Tarani Chandola na Nan Zhang waliwaangalia Waingereza wa miaka 35 hadi 75, wanawake na wanaume, waliokuwa hawana kazi, wakapima katika damu na miili yao alama za msongo wa muda mrefu. Waliopata kazi nzuri walipata nafuu. Waliopata kazi mbovu, zenye malipo duni, mashaka na usemi mdogo, walikuwa na alama mbaya kuliko wale waliobaki bila kazi. Utafiti huo ulitoka mwaka 2018, na ningependa kila ofisi inayomsukuma mtu achukue kazi yoyote inayotokea iusome.

Kwa wanawake hasa, jaribio kubwa zaidi lilifanywa na sheria, bila mtu kulikusudia kuwa jaribio. Uingereza iliwaruhusu wanawake kuchukua pensheni ya serikali wakiwa na miaka 60. Kuanzia mwaka 2010 umri huo ulianza kupandishwa kidogo kidogo, ukafika 65 mwaka 2018 na 66 mwaka 2020. Aliyezaliwa miezi michache baada ya mwenzake alijikuta akilazimika kungoja muda mrefu zaidi, kwa sababu ya tarehe tu. Hilo linaondoa tatizo la chujio, maana hakuna anayechagua siku ya kuzaliwa.

Ludovico Carrino, Karen Glaser na Mauricio Avendano waliyachambua matokeo mwaka 2020. Miongoni mwa wanawake wenye kazi za ngazi za juu, kungoja zaidi hakukuonyesha madhara ya wazi kwa afya. Miongoni mwa wenye kazi za ngazi za chini dalili za sonona ziliongezeka, na afya ya mwili nayo ikashuka, hasa kwa wale waliotoka katika kazi zenye madai mengi na usemi mdogo. Serikali ilipanga ongezeko lifuatalo, kutoka 66 hadi 67, lifanyike kati ya 2026 na 2028, kwa ratiba ile ile kwa karani, msafishaji na mkurugenzi.